Wimbo mmoja, pande mbili: kuunga santuri za Nairobi bila pengo

Najua nimewaacha majuma kadhaa bila neno. Sikusafiri, wala tarakilishi yangu haikuharibika (ndugu zetu wa Tanzania husema kompyuta, sisi wa Kenya tulifundishwa tarakilishi shuleni, kwa hiyo nivumilieni). Nilikuwa nimejifungia chumbani na sanduku la mjomba wangu.

Mjomba anaishi hapa hapa Woodley, mwendo mfupi tu kutoka Adams Arcade. Mwaka juzi alipatwa na kiharusi. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini mkono na mguu wa kulia havijarudi sawasawa. Sanduku lake lina santuri ndogo za inchi 7, nyingi zikiwa za miaka ya 1970 na 1980: benga, rumba ya Kiswahili, na nyimbo za Kilingala zilizorekodiwa Nairobi. Kila baada ya dakika nne au tano upande mmoja unaisha, na mtu lazima ainuke kuigeuza. Zamani kuinuka kulikuwa sehemu ya raha. Sasa ni safari.

"Mpwa wangu," akaniambia, "wewe si ulisomea mambo ya hizi mashine? Niunganishie nyimbo zangu ziende moja kwa moja. Nimechoka kusikiliza nusu nusu."

Nikacheka, nikamwambia hiyo ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua miezi, na katikati nikaharibu kitu ambacho siwezi kukirudisha. Leo nawasimulia yote mawili: kwa nini nyimbo zetu zilikatwa vipande viwili, na nilivyokosea nilipojaribu kuviunga. Aliye na sanduku kama hili nyumbani asome hadi mwisho kabla hajagusa kitufe cha kufuta.

KWA NINI WIMBO UKAKATWA

Ukiichukua santuri ya Nairobi ya enzi hizo, mara nyingi utakuta upande wa A na upande wa B vina jina moja la wimbo. Tofauti ni maandishi madogo tu: "Pt. 1" upande huu, "Pt. 2" upande ule. Sio nyimbo mbili. Ni wimbo mmoja uliopasuliwa katikati.

Ugonjwa huu ni wa zamani kuliko Nairobi ya benga. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba dakika tatu hivi. Mwenye wimbo mrefu alikuwa na njia mbili: apunguze beti, au augawe wimbo pande mbili.

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ikatoa LP, santuri kubwa ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, yenye uwezo wa kubeba zaidi ya dakika ishirini kila upande. Mwaka uliofuata RCA Victor ikajibu kwa santuri ndogo ya inchi 7 inayozunguka mara 45. Kwa wenzetu wenye fedha zote mbili zikakaa kabatini pamoja. Kwetu Kenya iliyotamba ni ile ndogo. Ilikuwa rahisi kuinunua, ilikuwa nyepesi kubeba kwenye basi kwenda mashambani, na mashine ya baa iliipenda. Mtu wa mshahara mdogo aliweza kununua wimbo mmoja mwisho wa mwezi. LP ilikuwa jambo jingine.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana huu ukurasa ni wa watu wa hesabu. Kwenye santuri ya inchi 7, mchirizi wa muziki unaanzia milimita 84 hivi kutoka katikati, na haufai kuingia ndani kupita milimita 54 hivi. Una milimita 30 tu za kuchezea. Wimbo wa dakika nne ni mizunguko 180, kwa hiyo kila mzunguko unapata milimita 0.17. Wimbo wa dakika nane ni mizunguko 360, na kila mzunguko unabakiwa na milimita 0.08.

Tatizo ni kwamba sauti nene, hasa besi, huufanya mchirizi uyumbe kushoto na kulia. Michirizi ikibanana, lazima fundi apunguze sauti, la sivyo mmoja utaingia ndani ya mwenzake na sindano itaruka. Muziki wa dansi uliopunguzwa besi nani ataununua? Kwa hiyo fundi alikuwa na chaguo: wimbo mzima wenye sauti dhaifu upande mmoja, au wimbo wenye nguvu uliogawanywa mara mbili. Soko lilitaka nguvu.

NAIROBI ILIYOJUA KUKATA

Hapa ndipo historia yetu inapoanza kunoga. Nairobi ya miaka ya 1970 ilikuwa soko la santuri la eneo hili zima. Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walitoka Tanga wakaishia na Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakajitenga na kuunda Les Wanyika, bendi iliyotupa "Sina Makosa". Orchestra Super Mazembe walitoka Zaire, wakatulia hapa, wakatupa "Shauri Yako" na "Kasongo". Daniel Owino Misiani alizaliwa upande wa Tanzania wa mpaka, akawa jina kubwa la benga na Shirati Jazz yake. River Road ilijaa maduka na watayarishaji wadogo wadogo wenye lebo zao. Pale Tom Mboya Street duka la Melodica lilifunguliwa mwaka 1971.

Watu hawa wote walifanya kazi ndani ya ukuta uleule wa dakika nne au tano kila upande. Ukuta ukikaa muda mrefu, watu huanza kuutegemea kujengea nyumba.

Tazama nyimbo za mtindo wa Kikongo. Zinaanza taratibu, mwimbaji anasimulia habari yake ya mapenzi au ya mji. Baada ya dakika tatu au nne kunakuwa na kusita, kisha gia inabadilishwa: maneno yanapungua, mwendo unaongezeka, magitaa yanachukua uwanja. Hiyo ndiyo sebene. Wimbo wa namna hii una mlango wake tayari. Kisa kikae upande wa A, sebene ikae upande wa B. Anayetaka kusikia maneno anaweka A, anayetaka kucheza anageuza. Kwenye benga nako mara nyingi maneno hupisha magitaa, nayo yakapanda hadi mwisho.

Rumba ya Kiswahili ya akina Wanyika ni tabia nyingine. Mwendo wake hautofautiani sana mwanzo hadi mwisho. Gitaa la rithimu na besi vinasukana vilevile, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kufika. Wimbo kama huo hauna mlango wa wazi katikati. Fundi lazima autoboe ukuta mwenyewe.

Kwenye sanduku la mjomba nilikuta mikato ya aina tatu, na ukitaka kuunga lazima kwanza ujue uko mbele ya upi.

Aina ya kwanza ni kusimama. Bendi inamaliza upande wa A kabisa, ngoma zinanyamaza. Upande wa B wanaanza upya, mara nyingi kwa gitaa peke yake. Hapa hakuna kilichokatwa. Bendi yenyewe ndiyo iliyoweka pumzi pale.

Aina ya pili ni kufifia. Bendi inaendelea kupiga lakini fundi anashusha sauti polepole mpaka kimya. Upande wa B sauti inapanda kutoka kimya na bendi iko katikati ya kazi. Hapa utepe wa studio ulikuwa mmoja na fundi ndiye aliyeugawa.

Aina ya tatu ni kisu. Sauti inakatika ghafla, wakati mwingine katikati ya mdundo, na upande wa B unaanza kwa mdundo unaofuata. Ukisikia mara ya kwanza unadhani sindano imeharibika.

Aina ya pili ndiyo yenye mtego. Ikumbukeni, tutairudia.

MAPENGO YALIYOLETWA NA TARAKILISHI

Ungefikiri tarakilishi, isiyo na milimita 30 za kubanana, ingemaliza shida hii siku ya kwanza. Wapi! Ilileta pengo lake jipya.

Jina la faili ".mp3" lilichaguliwa na watafiti wa Fraunhofer kule Ujerumani mwezi Julai 1995. Winamp ikatoka 1997, na kufikia miaka ya 2000 vijana wa Nairobi walikuwa wakichoma CD za MP3 na kuuziana. MP3 ilipunguza ukubwa wa faili kwa ustadi mkubwa, lakini ilikuwa na tabia moja ambayo wengi hawakuiona: haiwezi kuhifadhi wimbo wa urefu wowote tu. Inahifadhi sauti katika fremu, na kila fremu ina sampuli 1152, si zaidi wala si pungufu.

Chukua upande mmoja wa dakika nne kamili. Kwa kasi ya CD, sampuli 44,100 kila sekunde, unapata sampuli 10,584,000. Gawa kwa 1152 upate fremu 9187 na nusu. Hakuna nusu fremu. Basi enkoda inajaza nafasi iliyobaki kwa kimya. Hilo ni pengo la mwishoni.

Mwanzoni nako kuna pengo. Hesabu inayotumika kugeuza sauti kuwa MP3 inahitaji kupata joto kwanza, kama injini ya dizeli asubuhi. Enkoda maarufu ya LAME, mradi ulioanza mwaka 1998, huongeza sampuli 576 za kimya mwanzoni, na dikoda inachelewa nyingine 529. Jumla 1105, yaani milisekunde 25. Ukijumlisha na kimya cha mwisho wa faili lililotangulia, unaweza kufika milisekunde 50 kirahisi.

Utasema milisekunde 50 ni nini? Kwenye wimbo wa midundo 130 kwa dakika, robo ya mdundo mmoja ni milisekunde 115 hivi. Umeingiza kimya cha karibu nusu ya hapo katikati ya rithimu. Mguu unaocheza unakosea. Huhitaji digrii kulisikia.

Dawa ilipatikana kwa njia ya kistaarabu. LAME ikaanza kuandika mwanzoni mwa faili namba mbili ndogo: nimeongeza sampuli ngapi mbele, na ngapi nyuma. Programu ya kucheza ikizisoma, inakata kimya hicho na kuunga faili hili na lifuatalo. Wapenzi wa foobar2000, iliyotoka mwaka 2002, walikuwa wakiringia jambo hilo mapema. Apple waliifikisha kwa umma kwenye iTunes 7, Septemba 2006. FLAC (2001) na Ogg Vorbis (toleo la 1.0 mwaka 2002) hazikuwa na shida hiyo tangu mwanzo, kwa sababu urefu halisi wa sauti unahifadhiwa kwenye faili lenyewe.

Kwenye CD za kuchoma kulikuwa na pengo jingine. Ukichoma wimbo mmoja mmoja, mashine huweka sekunde mbili za kimya kati ya nyimbo. Ndiyo maana CD nyingi za magari za utotoni mwangu zilikuwa na "Pt. 1", kimya cha kutosha kupiga chafya, kisha "Pt. 2". Ilikuwa lazima kuchagua kuchoma CD yote kwa mkupuo mmoja ili kuliondoa.

Wapo pia waliounga MP3 kwa amri ya kubandika tu:

copy /b a.mp3+b.mp3 wimbo.mp3

Faili linacheza, ni kweli. Lakini kimya cha mwisho wa A na cha mwanzo wa B vyote vimebaki ndani, na mara nyingi urefu unaoonyeshwa ni wa upande wa kwanza tu. Hujaunga. Umegandisha pengo.

JINSI YA KUUNGA

Njia sahihi ni kufanya kazi kwenye WAV, kabla ya kubana chochote. Nilirekodi kila upande kutoka kwenye mashine ya santuri, nikatumia Audacity (programu ya bure ya tangu mwaka 2000) kutafuta mahali pa kuunga, kisha nikaunganisha kwa SoX:

sox upande-a.wav upande-b.wav wimbo.wav

Faili la mwisho la amri hiyo ndilo matokeo. Sampuli ya mwisho ya A inafuatwa na ya kwanza ya B, hakuna kitu kati yao.

Basi nikajaribu kwa wimbo wa aina ya tatu, ule wa kisu. Mdundo ukaungana sawasawa kabisa. Hata hivyo nilisikia kiungo. Nikapima tena. Hakuna pengo. Bado nasikia kiungo!

Jibu lilikuwa kwenye zile milimita. Mwanzo wa upande, mchirizi uko milimita 84 kutoka katikati, na kwa mizunguko 45 sindano inasafiri karibu sentimita 40 kila sekunde. Mwisho wa upande, kwa milimita 54, inasafiri sentimita 25 tu. Wimbi lilelile la sauti limebanwa kwenye nafasi ndogo zaidi, na sauti nyembamba, zile za matoazi na herufi "s", zinafifia na kukwaruza. Kwa hiyo mwisho wa A ni mzito na wenye ukungu, na mwanzo wa B unang'aa. Unapoziunga, sikio linasikia kama mtu amefungua dirisha. Nilichofanya ni kupandisha kidogo sauti nyembamba za sekunde thelathini za mwisho za A, polepole, ili dirisha lifunguke taratibu. Pima pia kama gitaa liko kwenye sauti ileile pande zote mbili. Mashine za zamani hubadili mwendo zikipata joto, kwa hiyo rekodi pande zote mbili kwa mfululizo.

Kwa aina ya kwanza, ile ya kusimama, sikuondoa kimya chote. Niliacha pumzi ya sekunde moja. Bendi ndiyo iliyosimama, mimi ni nani niwakimbize?

KOSA LANGU

Sasa tufike kwenye aina ya pili.

Kulikuwa na santuri moja ya benga ambayo lebo yake ilikuwa imechakaa kabisa, pande zote mbili. Hakuna jina la bendi, hakuna namba, karatasi imelika. Mwisho wa upande wa A gitaa la solo linarudia kishazi kimoja huku sauti ikififia. Mwanzo wa upande wa B sauti inapanda, na kishazi kilekile kipo. Nikajiambia, kumbe fundi alirudisha utepe nyuma kidogo, hizi ni sekunde zilezile zilizorudiwa mara mbili. Nikalaza kishazi juu ya kishazi, nikayeyusha A ndani ya B, nikapata kiungo kitamu ambacho hata mimi sikukisikia. Nikajipongeza. Nikabana kuwa MP3 kwa ajili ya simu ya mjomba, na kwa kuwa diski ilikuwa inajaa, nikafuta WAV.

Jumapili nikampelekea. Akafumba macho, akasikiliza. Tulipofika katikati akafungua macho.

"Umemkata."

"Nani, Mjomba?"

"Hapo kuna mtu anatajwa. Kabla gitaa halijarudi. Huyu ni mtu wa kwetu kule Nyanza, aliwanunulia vinywaji bendi nzima usiku mmoja, wakamtia kwenye wimbo. Jina lake liko pale."

Mnaojua benga mnajua kutaja watu majina ndiyo mila yake. Mtu hukaa kwenye wimbo wakati hana jiwe hata kaburini. Kumbe vile vishazi viwili havikuwa sekunde zilezile. Bendi ilikipiga mara mbili, na kati yake, sauti ikiwa bado ya chini mwanzoni mwa upande wa B, chini ya mikwaruzo, mwimbaji alitaja jina. Mimi nilidhani ni kelele za santuri.

Kipimo cha kujua kilikuwepo, na ni cha dakika tano. Kama sekunde ni zilezile kutoka utepe mmoja, chukua kimoja ukigeuze juu chini, ulinganishe sauti na kasi, kisha ujumlishe na kingine. Vitamezana, na kitakachobaki ni mikwaruzo karibu mitupu. Kama ni upigaji wa mara mbili, havimezani hata kidogo, kwa sababu hakuna mpiga gitaa anayeweza kurudia kishazi kwa usahihi wa sampuli. Sikupima. Niliamini sikio langu, tena sikio lililotaka kumaliza kazi.

"Si neno," nikamwambia, "nitarekodi tena." Lakini santuri zile nilizokuwa nimemaliza nilikuwa nimezibeba kwenye gari siku niliyokwenda Toi kununua vitu, nikaliacha gari juani mchana kutwa. Niliporudi kuzitoa, ile ilikuwa kati ya nne zilizopinda kama chapati. Sindano haikai. Nimejaribu kuinyoosha, imepasuka.

Nilitafuta nakala nyingine. Nilienda hadi Soko la Kenyatta hapa jirani, ambako Jimmy Rugami ameuza santuri za zamani kwa miaka mingi na watu hutoka mbali kumfuata. Lakini unatafutaje kitu kisicho na jina la bendi, la wimbo wala namba? Mjomba analikumbuka jina la yule mtu. La bendi limemtoka.

NILICHOJIFUNZA

Kazini sisi watu wa programu tuna sheria ya kale: usibadilishe data asili. Andika mabadiliko pembeni. Ningefukuzwa kazi kama ningefuta kumbukumbu za mteja ili kupata nafasi ya diski. Lakini nyumbani, na sauti ya binadamu mkononi, nikafanya hivyo bila kufikiri.

Na hili si jambo la familia yangu tu. Santuri za Nairobi zilianza kufa miaka ya 1980 kanda zilipoingia, hasa kanda za wizi. Kwa nyimbo nyingi za lebo ndogo za River Road, santuri iliyoko chini ya kitanda cha mtu ndiyo nakala pekee ambayo mimi na wewe tunaweza kuifikia. Ni kweli nyimbo kadhaa zilitoka tena ng'ambo kwenye CD. "Shauri Yako" na "Sina Makosa" zimo kwenye mkusanyiko wa Earthworks uitwao Guitar Paradise of East Africa. Hapa nyumbani Tabu Osusa na wenzake wa Ketebul Music walitoa kazi yao juu ya historia ya benga mwaka 2008. Lakini hizo ni chache kati ya nyingi. Nyingine tunazipandisha mtandaoni wenyewe, mtu mmoja mmoja, na kile tulichounga ndicho kinachogeuka kuwa wimbo. Miaka kumi ijayo mtoto atausikia wimbo wangu uliokatwa jina na hatajua kwamba kuna mtu aliondolewa. Ndiyo ubaya wa kiungo kizuri: hakionekani.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Kwanza, napiga picha lebo zote mbili, hata iliyochakaa, pamoja na namba zilizochongwa kwenye plastiki karibu na katikati, maana hizo hazifutiki na karatasi. Pili, nahifadhi kila upande mzima kama FLAC, pamoja na mikwaruzo yake, pamoja na kimya chake, kwenye diski mbili tofauti. Mafaili hayo siyagusi tena. Tatu, kiungo nakiandika kwenye faili dogo la maandishi:

A: 0:00.000 hadi 4:12.350
B: 0:01.120 hadi mwisho
aina: kufifia, nimepima, sekunde ni zilezile

Programu ndogo niliyoandika inasoma mistari hiyo, inakata, inaunga, na kutoa faili la kusikiliza. Mtu akija kesho akasema nimekosea, anabadilisha namba moja, wimbo unarudi. Faili la maandishi halifiki hata kilobaiti moja. Jina la yule mtu lingeokolewa na kilobaiti moja.

Mjomba sasa ana nyimbo zake karibu zote kwenye simu iliyounganishwa na spika. Hainuki. Zinapita kutoka Pt. 1 hadi Pt. 2 bila mguu kukosea. Ule wimbo mmoja hakukubali niufute. Anausikiliza pamoja na wengine, na unapofika pale katikati, kabla gitaa halijarudi, anataja jina la yule mtu mwenyewe, kwa sauti, kisha anaendelea kusikiliza.

Nimemrekodi akilitaja. Faili hilo liko kwenye diski mbili.

Haya, kwa leo naishia hapo. Kama babu, shangazi au jirani ana sanduku, mwulize kabla hujaunga: je, kuna mtu anatajwa hapa? Tuonane wakati mwingine.